Pointi za supamaketi: jinsi nilivyoamua zipi za kuhangaikia

Pointi elfu tano ni nyingi au chache? Pochi yangu ilikuwa na kadi za uanachama za supamaketi tatu, na kila risiti ilinitajia idadi ya pointi zangu kwa herufi nene. Hakuna risiti hata moja iliyoniambia pointi hizo ni fedha kiasi gani. Nikaona siwezi kuamua kama inafaa kuzihangaikia kabla sijazigeuza kuwa kitu ninachokielewa. Basi nikakusanya risiti za miezi michache, nikashika kalamu.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Unatafuta mambo mawili: unatumia kiasi gani ndipo upate pointi moja, na pointi moja inakupunguzia kiasi gani siku ya kuitumia. Chukua duka linalotoa pointi 1 kwa kila 100 unayotumia, na pointi hiyo inakatwa kwenye malipo kama 1. Hapo unarudishiwa asilimia 1. Chukua la pili linalotoa pointi 10 kwa kila 100, ila pointi 1,000 ndizo zinazokupa vocha ya 50. Ili uzipate hizo pointi 1,000 lazima utumie 10,000, na 50 katika 10,000 ni nusu asilimia. Duka lenye pointi tele linakulipa nusu ya lile lenye pointi chache. Tangu hapo siangalii tena idadi ya pointi mahali popote. Naandika asilimia nyuma ya kadi kwa kalamu ya wino, basi.

Nilipozipata asilimia za kadi zangu nikaona zote zinazunguka kwenye asilimia 1, nyingine chini ya hapo. Asilimia 1 si kitu cha kudharau. Nyumba inayotumia 20,000 kwa mwezi supamaketi itarudishiwa 2,400 kwa mwaka. Lakini ukizigawa kwa wiki ni kama 46, na hapo ndipo swali linapochukua sura yake halisi: je, kwa 46 kwa wiki ningezunguka njia ya mbali zaidi? Ningesimama foleni ya pili? Ningelipa nauli? Kwangu jibu lilikuwa hapana, na nililipata kabla hata sijagusa jambo kubwa kuliko yote, yaani bei.

Watu wengi tunapima zawadi kwa kuilinganisha na kutopata kitu. Ukilinganisha hivyo, zawadi yoyote itaonekana faida. Mimi niliamua kuilinganisha na bei ya kitu kilekile mahali pengine. Nilitengeneza orodha ya vitu visivyokosekana nyumbani kwetu, nikaandika bei zake katika maduka yote matatu. Sikuandika bei ya pakiti, maana pakiti hazilingani ujazo. Niliandika bei ya kilo, ya lita, au ya kipande kimoja. Kazi hii ilichosha, sitaficha, lakini ndiyo iliyonilipa kuliko nyingine zote. Kwa vitu vingi tofauti ya bei kati ya duka na duka ilizidi asilimia 1 kwa mbali. Duka likiwa ghali kwa asilimia 3 kisha likurudishie asilimia 1, bado wewe ndiye unayelilipa asilimia 2 kwa heshima ya kuwa mwanachama. Kwa hiyo nilianza kwa kuchagua duka ambalo kapu langu lote linatoka kwa bei nafuu, ndipo nikauliza lina kadi gani.

Kumrudishia mnunuzi sehemu ya alichotumia si wazo la jana. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, kikundi cha wafanyakazi, wakiwamo wafumaji wa vitambaa, walifungua duka la ushirika. Mojawapo ya kanuni zao ilikuwa kugawana ziada kwa kadiri kila mwanachama alivyonunua. Gawio lile lilitoka kwenye ziada iliyobaki baada ya hesabu kufungwa, na waliogawana walikuwa wenye duka wenyewe. Pointi za supamaketi ya kawaida ni jambo tofauti: ni gharama ya kukuvuta urudi, nayo duka limekwisha kuiweka kwenye mahesabu yake kabla hujaingia mlangoni. Sioni ubaya wowote hapo. Ila ilinisaidia kujua kwamba ninachopewa si mgawo wangu. Ni malipo ya tabia fulani, na ni haki yangu kuuliza tabia gani.

Jibu liko wazi zaidi kwenye zile ofa za kufikisha kiwango: tumia 5,000 kwa mara moja, upate vocha ya 300. Hapa ndipo dada yangu na mimi tulipobishana sana, na ubishi huo ulinifundisha zaidi ya hesabu zangu zote.

"Mdogo wangu, 300 za bure unaziacha mezani?" aliniuliza.

"Dada, orodha yangu ya leo ni 3,800. Kufika 5,000 natakiwa kuongeza 1,200."

"Sasa hiyo 1,200 si utaitumia tu? Sabuni utaacha kununua mwezi ujao?"

Nilikuwa nimekuja na jibu langu tayari kwamba ofa hizi ni mtego, lakini swali lake lilikuwa swali la haki. Kama nyongeza ya 1,200 ni sabuni na karatasi za chooni ambazo ningezinunua mwezi ujao kwa bei ileile, basi sijatumia zaidi, nimetanguliza tu. Vocha ya 300 kwa kutanguliza 1,200 ni sawa na robo ya fedha hizo. Hakuna kadi ya pointi inayokaribia hapo. Lakini kama nyongeza hiyo ni vitu ambavyo nisingevinunua kabisa, nimetoa 1,200 nikapata 300, maana yake nimepoteza 900, na risiti bado itanipongeza. Vocha ni ileile, duka ni lilelile, siku ni ileile, na majibu mawili yanapingana. Kinachoamua ni kabati la nyumbani: kuna nini, kitakaa muda gani bila kuharibika, na kitaisha lini.

Kwa sababu hiyo siku hizi ninayo orodha ya pili, fupi, ya vitu visivyooza ambavyo tunavitumia kila mwezi bila kukosa. Ofa ya kiwango ikitokea, najaza pengo kutoka kwenye orodha hiyo tu. Pengo likiwa kubwa kuliko orodha, naiacha ofa ipite. Pia nasoma masharti ya vocha yenyewe kabla ya kuihesabu kuwa fedha. Kuna inayokufa baada ya wiki mbili, kuna isiyotumika kwenye bidhaa fulani, na kuna inayokudai utumie kiwango kingine ndipo ikubaliwe, yaani ukimaliza mbio moja unaanzishiwa nyingine. Vocha ya 300 ambayo sina uhakika wa kuitumia siiandiki 300. Naiandika nusu yake, wakati mwingine sifuri.

Kisha kuna ule mstari kwenye programu ya simu unaojaa rangi kidogo kidogo na kukuambia umebakiza hatua chache. Watafiti Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha mwaka 2006 jaribio lililofanywa kwenye sehemu ya kuoshea magari. Wateja 300 waligawiwa kadi za mihuri. Nusu walipata kadi ya kujaza mihuri minane. Nusu nyingine walipata kadi ya mihuri kumi, lakini miwili ilikuwa imekwisha kugongwa. Kazi iliyobaki ilikuwa sawa kwa wote: kuosha gari mara nane. Hata hivyo asilimia 34 ya waliopewa kadi yenye mihuri miwili ya kuanzia waliikamilisha, dhidi ya asilimia 19 ya wenzao. Nilipousoma utafiti huo nikaelewa kwa nini duka hukupa pointi za kukukaribisha siku ya kujiunga. Mtu anayejiona ameshaanza safari hapendi kuiacha njiani. Nilizima taarifa zote za programu ile kwenye simu. Naifungua nikiwa tayari nimeandika orodha yangu, nikitafuta vitu vya orodha yangu, kisha naifunga.

Jambo lililonifanya nisiweke akiba ya pointi linatoka kwa wahasibu. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu inayoitwa IFRS 15, iliyoanza kutumika mwaka 2018, inazitaka kampuni zichukulie pointi kama deni kwa mteja: sehemu ya mauzo haihesabiwi kuwa mapato mpaka pointi zitumike au zife. Papo hapo kampuni inakadiria ni pointi ngapi ambazo wateja hawatazitumia kamwe. Fikiria hilo. Usahaulifu wetu una mstari wake katika vitabu vya hesabu. Tena pointi hazizai riba, na masharti mengi yanaliruhusu duka kubadilisha thamani yake. Kwa hiyo zikifika tu kiwango cha chini cha kubadilishwa, nazitumia siku hiyohiyo kwenye kitu cha orodha. Sizitunzii sikukuu, siziwekei lengo la zawadi kubwa.

Bei za wanachama nilizipa fungu lake, kwa sababu hazifanani na pointi. Hapa punguzo liko kwenye rafu, unalipata leo, na hakuna cha kukusanya. Wasiwasi wangu ulikuwa kwamba duka linapandisha bei ya kawaida ili bei ya mwanachama ionekane tamu. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza, CMA, ililichunguza suala hilohilo kwa maduka ya huko na kutoa matokeo Novemba 2024. Ilipitia bidhaa zipatazo 50,000 zilizokuwa kwenye bei za wanachama, ikaona kwamba asilimia 92 zilikuwa na punguzo la kweli ukilinganisha na bei ya kawaida ya duka hilo. Vilevile ikawakumbusha wanunuzi kwamba bei ya mwanachama si lazima iwe ndiyo ya chini kuliko zote madukani. Uchunguzi wa nchi moja hauwezi kuyasemea maduka ya kila mahali, lakini mbinu yake mtu yeyote anaweza kuiiga: weka bei za vitu vyako kumi vikuu kwenye daftari, na baada ya miezi michache utajua mwenyewe kama bei ya kawaida inapandishwa kabla ya ofa. Kwangu bei za wanachama zilishinda pointi kwa mbali, na hizo ndizo sababu pekee ya kadi moja kubaki kwenye pochi.

Kadi za mkopo za benki zinazorudisha asilimia fulani ya manunuzi ya supamaketi sitazizungumzia sana. Anayelipa deni lote kila mwezi anaweza kufaidika. Anayebakiza deni linalotozwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi hawezi, kwa sababu mwezi mmoja tu unameza zawadi ya asilimia 1 na kudai nyingine. Kama kuna ada ya mwaka, igawe kwa asilimia ya zawadi ujue ni kiasi gani cha matumizi kinaishia kulipa ada tu. Ada ya 1,000 kwa kadi ya asilimia 1 inakula zawadi ya matumizi ya 100,000 ya kwanza.

Bado kuna kitu ambacho hakiingii kwenye asilimia, nacho kinanigusa kweli. Kadi inaandika ninachonunua, saa ninayonunua, na nilichoacha kununua. Kutokana na hayo mtu anaweza kubahatisha kama nyumbani kuna mtoto mchanga, mgonjwa, au mtu aliyepunguziwa mshahara. Duka linaipata habari hiyo kila ninapoonyesha kadi, hata siku ambayo pointi zangu hazifiki hata thamani ya mfuko. Nimekubali kuiuza kwa duka moja ambalo bei zake za wanachama zinanisaidia waziwazi. Programu yake ilipoomba kujua mahali nilipo na orodha ya namba kwenye simu yangu, nilikataa, na punguzo halikupungua. Maduka mengine mawili hayakuwa yakinilipa kiasi cha kustahili habari hizo. Nilitumia pointi zilizobaki, nikawaandikia wafute akaunti zangu.

Dada yangu hakufuata njia hiyo, na sidhani alipaswa kuifuata. Nyumba yake ina watu wengi, ana stoo, na kiwango cha 5,000 anakifikia kwa orodha yake ya kawaida bila kuongeza kitu, kwa hiyo zile vocha kwake ni punguzo safi. Tulichokubaliana ni kwamba ofa ya kiwango ikitoka na mimi nina pengo, ananipigia kwanza. Tunaunganisha orodha zetu kwenye risiti moja kwa kadi yake, halafu vocha tunagawana kwa kadiri kila mmoja alivyonunua.