Nilivyompa mtoto wa kaka yangu riwaya ya wakubwa

Mtoto wa kaka yangu alitoka Pangani akaja kukaa kwangu Tanga aanze kidato cha kwanza. Ana miaka 13, na vitabu anavila kama moto ulavyo makuti. Vya vijana vilivyokuwamo nyumbani alivimaliza kabla ya likizo ya kwanza, akaning'ang'ania nimpe Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis. Niliinunua Dar ilipotoka mwaka 2022, elfu ishirini na kitu.

Nikaomba ushauri, na ushauri wenyewe unaniudhi hadi leo. Muuza vitabu akasema: "Mpe tu, mhusika mwenyewe ni mtoto." Kweli, Yusuf anaondoka kwao akiwa katika mwaka wake wa 12. Lakini kitabu chenye mtoto ndani si lazima kiwe cha watoto. Mwalimu mmoja akaniambia historia haina ubaya, yameshapita hayo. Jirani akataka nikichome. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekisoma.

Mimi nilikuwa nimekisoma, kwa hiyo nilijua pa kuogopa, au ndivyo nilivyodhani. Kuna mwanamke mtu mzima anayemvamia Yusuf kwa mapenzi mchana kweupe. Kuna minong'ono juu ya mnyapara wa msafara. Kuna mke wa tajiri anayemtamani kijana hadi shati linachanika. Nikachukua stepla ya kazini, nikakaa usiku mzima na kitabu, kila palipo na jambo nikabana kurasa mbili pamoja, pini tatu tatu. Asubuhi nikamkabidhi, nikamwambia palipobanwa apite.

Baada ya siku nne nikakikagua. Pini zilikuwa mahali pake, lakini kila pini ilikuwa na matundu mengine pembeni. Alizifungua kwa ncha ya kisu, akasoma, akazirudisha. Na alikuwa ameanza na hizo! Kurasa ambazo angezipita bila kuzijali nilikuwa nimempigia mbiu ya mgambo kwamba humu mna jambo. Nikamwita. Akaniamkia, akasimama mlangoni, wala hakukana.

"Ami," akasema, "mbona hiki ni kisa cha Nabii Yusuf? Shati limechanwa kwa nyuma, kwa hiyo kosa si lake."

Nilichomfichia kwa stepla alikwisha kukisoma chuo cha Kurani tangu ana miaka minane. Nikang'oa pini zote.

Hapo ndipo nikapata njia ambayo najivunia, na nimeshawapa wazazi wengine watatu. Mama yangu yuko Pangani na macho yake sasa hayasomi. Nikamwambia kijana: kila Jumapili baada ya alasiri umsimulie bibi yako kwa simu ulichosoma wiki hiyo. Mimi nakuwa barazani nafuta baiskeli, nasikiliza. Alichokiruka kwa kumwonea haya bibi, amekielewa na adabu yake inakitosha. Alichokisimulia bila kusita hakukiona kabisa. Habari za mnyapara alizisema kama ukali wa kawaida, bibi akaguna, nami sikufafanua lolote. Ninachotegea sikio ni pale sauti inapokatika.

Ikakatika mahali ambapo sikuweka hata pini moja, mwanzoni kabisa. Tajiri Aziz, ambaye Yusuf anamwita ami, kila akija kwao humpa sarafu ya anna kumi. Siku moja anaondoka naye kwa treni. Kufika dukani kwa tajiri, Khalil, kijana aliyemtangulia pale, anamfumbua macho: yule si ami yako, baba yako ana deni lake, na wewe ndiye rehani. Kijana wangu alifika hapo akanyamaza. Bibi akawa anaita, "Haloo, mjukuu wangu, haloo." Akasema ataendelea wiki ijayo. Usiku ule hakula.

Nikakaa nikalipima. Kila nilipokwenda Pangani nilikuwa nampa elfu mbili. Kisha nikaja naye kwa basi, yeye na begi lake moja, na hakuna aliyekaa naye chini akamweleza kwa nini yeye na si ndugu yake. Nami ananiita ami.

Nikampigia kaka nikamwambia amweleze mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe. Waliongea muda mrefu, habari za shule, za nauli, za kitanda chake ambacho bado kipo palepale. Kabla ya kukata nikasikia mtoto anauliza kwa sauti ndogo: "Kwa hiyo baba, ami hakudai?"

Tangu siku hiyo sihesabu matusi wala mapenzi kitabuni. Natafuta kinachofanana na maisha ya mtoto huyu anayekisoma. Mtoto wa jirani anayelala chumba cha pili na wazazi wake angeupita ukurasa ule bila kupepesa.

Mengine yalikwenda yenyewe. Alipouliza Wajerumani wa kitabuni walifuata nini stesheni, nilimpeleka kwenye reli yetu hapa, waliyoanza kuitandika 1893 ikafika Moshi 1911. Mwisho wa kitabu, Yusuf anapowakimbilia askari wa Kijerumani, alibishana na bibi yake kwa simu hadi ikaisha chaji.

Sasa anaitaka riwaya ya Vuta n'kuvute. Nimeizuia kwa muda. Yasmini wa humo ameozwa mzee akiwa na miaka 15, na dada wa kijana huyu ana 16. Mwezi uliopita alikuja mtu kuposa, na kaka bado hajatoa jibu. Jibu hilo lipatikane kwanza. Nimempa Kuli, riwaya ya mgomo wa makuli wa Unguja mwaka 1948, na bibi anasubiri simu ya Jumapili.