Kidhibiti ni daka, si jiko

Nyumba ya mawe ya Lamu ina daka mlangoni, na aliyekulia mjini anaijua kazi yake: mgeni huketi barazani, husalimiwa na kuulizwa haja yake, kisha mwenyeji huamua kama jambo litamalizikia hapo au litapelekwa ndani. Hakuna apikaye dakani. Jambo hilo nililisahau nilipoandika programu ya kukata tiketi za boti za Mokowe.

Mwanzoni nilikirundikia kila kitu kidhibiti, yaani sehemu inayopokea ombi la mtumiaji na kuamua lishughulikiwe na nani. Kilisoma fomu, kikahesabu nauli, kikakagua viti, kikaandika kwenye hifadhidata. Baadaye manahodha wakaomba tiketi zikatwe pia kwa ujumbe mfupi, nami nikaandika kidhibiti cha pili, nikanakili hesabu ya nauli, nikaacha ukaguzi wa viti. Asubuhi moja abiria 15 walisimama gatini, kila mmoja na namba yake ya tiketi, mbele ya boti ya watu 12. Mama aliyekuwa akimpeleka mwanawe kliniki alibaki, na uso wake ningali nauona.

Kwamba boti haipakii kupita uwezo wake ni kanuni ya boti, haijali ombi limeingilia mlango gani. Mahali pake ni kwenye modeli, yaani sehemu ya programu inayobeba data na kanuni za kazi. Trygve Reenskaug wa Norwei, alipobuni utatu wa modeli, mwonekano (kile anachokiona mtumiaji) na kidhibiti huko Xerox PARC, kituo cha utafiti cha Marekani, mwaka 1979, alikipa kidhibiti kazi ya kupokea maagizo ya mtumiaji kutoka kwenye kibodi na kipanya. Leo kwenye wavuti kinapokea maombi ya HTTP, yaani utaratibu wa mawasiliano kati ya kivinjari na seva, lakini bado kinasimama mlangoni.

Mpaka wenyewe si rahisi kuuona. Kuuliza kama namba ya simu imekamilika ni swali la daka, kwa kuwa linahusu umbo la ombi. Kuuliza kama kiti kipo ni swali la ndani, na sharti liulizwe katika muamala uleule (hatua za hifadhidata zinazofanikiwa zote au kushindwa zote) unaoandika tiketi, wasije watu wawili wakapewa kiti kimoja. Sasa vidhibiti vyangu viwili ni vifupi, na vyote huita huduma moja ya tiketi iliyo ndani, upande wa modeli. Ikikataa, cha wavuti hurudisha ukurasa wenye msimbo 409, ule wa HTTP wa kusema ombi limegongana na hali iliyopo, cha simu hutuma maneno machache: “Boti ya saa tatu imejaa. Ya saa nne ina nafasi.”