Namba mbili kwenye kadi ya bibi

Skuli yetu hapa Chake Chake ilipoalikwa kwenye shindano la anatomia na fiziolojia, yaani elimu ya viungo vya mwili na kazi zake, nilikuwa kidato cha tano na mbele yangu kulikuwa na wiki saba tu. Nikaanza kwa kukusanya. Kila faili lililorushwa WhatsApp nililipakua, nikatoa kopi ya muhtasari wa kaka mmoja aliyekwishamaliza, nikaazima vitabu viwili. Wiki mbili nzima nilikariri majina: mifupa 206 ya mtu mzima, 27 ya kila mkono kuanzia kifundo hadi ncha za vidole.

Jioni moja bibi alirudi kliniki na kadi yake ya presha. Akanipa. "Hebu nambie mjukuu wangu, hizi namba mbili, moja juu moja chini, maana yake nini?"

Vyumba vinne vya moyo nilivijua kwa majina yote. Jibu la bibi sikuwa nalo. Liliniuma, maana kadi ile ameishika miaka na hajapata wa kumfafanulia.

Usiku ule nilitandaza karatasi zangu mkekani nikatafuta ni ipi inayoweza kumjibu bibi. Karibu zote zilikuwa orodha za majina, anatomia tupu; namna viungo vinavyofanya kazi, ambayo ndiyo fiziolojia yenyewe, haikuwamo. Mchoro mmoja wa moyo hata kulia na kushoto ulivipindua. Aliyeunakili hakujua kwamba mwili wa kwenye mchoro unakutazama, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwako. Nilizitupa nyingi bila huruma.

Nikabaki na kitabu kimoja cha OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice kule Marekani, ambacho mtu yeyote anakipakua bure. Kina sura 28. Nilichagua zile tu zilizoangukia mada za shindano. Nilichokipendea ni maswali ya mwisho wa sura, yale yanayotaka ueleze kwa nini. Kimeandikwa kwa Kiingereza, basi kila nilichosoma nilimweleza bibi kwa Kiswahili. Nikikwama, nilirudi kusoma.

Moyo lakini nilitaka kuushika. Nilikwenda sokoni nikamwambia muuza nyama, "Ami, naomba moyo wa ng'ombe mzima, usiupasue." Tuliupasua nyumbani, mimi na mwenzangu wa timu. Ukuta wa ventrikali, yaani chumba cha chini cha moyo, ya kushoto ni mnene kuliko wa kulia, unauhisi kwa vidole, kwani kulia hupeleka damu mapafuni tu, hapo jirani, na kushoto hupeleka mwili mzima. Nikaona pia kwa nini mshipa uendao mapafuni huitwa ateri ingawa damu yake ina oksijeni kidogo: unatoka moyoni, na kila mshipa utoao damu moyoni ni ateri. Mama aliutia mchuzini baadaye.

Siku ya shindano tuliulizwa: moyo unapiga mara 70 kwa dakika, kila pigo mililita 70, unasukuma damu kiasi gani kwa dakika moja? Mililita 4,900, karibu lita 5. Tulishika nafasi ya pili.

Bibi naye anajua sasa kwamba namba ya juu ni msukumo wa damu moyo unapobana, na ya chini ni unapolegea. Akirudi kliniki huzisoma mwenyewe kabla hajavua buibui.