Rada ya Mwanza inavyoiona ndege iliyo juu ya Tabora

Alama inayosogea kwenye skrini ya mwongozaji ndege mara nyingi si mwangwi uliogonga bodi ya ndege ukarudi. Ni jibu. Rada ya upili, yaani inayoiuliza ndege kwa redio, huuliza kwa masafa ya megahezi 1030. Transponda ya ndege, kifaa chake cha kujibu, hulisikia swali, hukaa mikrosekunde 3 (sehemu tatu za milioni za sekunde), kisha hujibu kwa megahezi 1090. Ukitoa zile 3, kila mikrosekunde 12.36 za kwenda na kurudi ni maili moja ya baharini. Upande ilipo ndege hujulikana kwa pale antena ilipokuwa imeelekea.

Swali lenyewe ni mapigo. Yakiachana kwa mikrosekunde 8, ndege hutaja namba ya utambulisho ya tarakimu nne aliyoiweka rubani; yakiachana kwa 21, hutaja kimo, kilichopimwa kwa kuanzia shinikizo sanifu la hewa la hektopaskali 1013.25. Kipimio cha ndege kikiharibika, skrini itaandika kimo cha uongo, na rada ya aina hii haina pa kuhakikishia.

Jibu hudumu mikrosekunde 20.3. Kwa hiyo ndege mbili zilizo upande mmoja, zikitofautiana kwa umbali usiofika maili 1.64, majibu yao hupandana na namba hazisomeki. Modi S, namna mpya zaidi ya kuuliza, ilikuja kutibu hilo: kila ndege ina anwani yake ya biti 24, nayo huulizwa peke yake.

Kwetu huku, hata hivyo, tatizo kubwa ni mviringo wa dunia. Chukua kimo cha ndege juu ya rada kwa futi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 1.23: hapo ndipo macho ya rada yanapoishia, kwa maili za baharini. Kutoka Mwanza hadi Tabora ni kama maili 154, hivyo ndege lazima iwe futi 15,700 hivi juu ya usawa wa Mwanza, yaani karibu 19,500 kutoka usawa wa bahari. Ikishuka kutua Tabora, inazama chini ya upeo. Kigoma ni mbali zaidi, kama maili 244. Hesabu inadai futi 39,000 na ushee juu ya Mwanza, kimo ambacho ndege nyingi za abiria hazifiki. Milima haijahesabiwa bado. Hapo kinachobaki ni sauti ya rubani kutaja mahali alipo na muda, na mwongozaji kuzitenganisha ndege kwa dakika na vimo.

Njia nafuu ni kipokezi cha ADS-B, mfumo wa ndege kujitangaza, kilichowekwa hukohuko Tabora au Kigoma. Ndege hutangaza yenyewe mahali ilipo, karibu mara mbili kwa sekunde, kwa megahezi zilezile 1090, bila kuulizwa. Robo ya wimbi ni sentimita 6.9 tu, kwa hiyo antena ni ndogo. Kinachoua ishara ni waya mrefu kutoka antena hadi kipokezi. Weka kikuza ishara juu ya mlingoti, karibu na antena, si chini mezani.