x⁶ kwa x² si x³: kurahisisha sehemu zenye vipeo

Andika x⁶/x² mbele ya darasa na wengi watajibu x³, kwa sababu 6 kwa 2 ni 3. Jibu ni x⁴. Juu kuna x sita zinazozidishana, chini kuna mbili. Kila moja ya chini inaondoka na mwenzake wa juu, zinabaki nne. Kipeo ni hesabu ya mara ngapi, basi. Descartes, mwanahisabati Mfaransa ambaye tangu 1637 ametuzoeza kuandika kipeo kama namba ndogo ya juu, mwenyewe mara nyingi aliandika xx badala ya x². Ukibabaika, fanya kama yeye: zifumue uzione.

Sehemu ya kawaida, tuseme 12x⁵y²/(18x²y⁶), huliwa kwa mafungu. Kwanza namba: KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ya 12 na 18 ni 6, kwa hiyo juu inabaki 2 na chini 3. Kisha x: tano juu, mbili chini, zinabaki tatu juu. Kisha y: mbili juu, sita chini, zinabaki nne chini. Jibu 2x³/(3y⁴). Herufi hubaki upande uliokuwa na kipeo kikubwa, na hapa huna haja ya kupitia kipeo hasi hata kidogo. Kosa la hapa ni kuchanganya kazi mbili: namba za mbele zinagawanywa, vipeo vinatolewa. Anayetoa 12 na 18 akapata −6 amepeleka kanuni ya vipeo kwa namba ambazo si vipeo.

Mabano yenye kipeo nje yafunguliwe kwanza, kabla ya kukata chochote. Chukua (2a³b⁻²)³/(4a⁻¹b)². Juu: 2 nayo inapandishwa, inakuwa 8 (si 2, wala si 6), kisha a⁹ na b⁻⁶. Chini: 16a⁻²b². Sasa 8/16 ni 1/2. Kwa a, 9 − (−2) ni 11. Ukiisahau ile alama ya pili utapata 7. Kwa b, −6 − 2 ni −8, kwa hiyo b⁸ inashuka chini. Jibu: a¹¹/(2b⁸). Angalia pia tofauti ya (−3x)², ambayo ni 9x², na −3x², ambayo imebaki ilivyo. Mabano ndiyo yanayosema kipeo kimebeba nini.

Hadi hapo kila kitu kinazidishana na maisha ni mepesi. Jumlisha na toa zikiingia, ndipo kalamu nyekundu hufanya kazi. Kukata maana yake ni kugawanya kiasi chote (juu) na asili yote (chini) kwa kitu kilekile. Si kufuta vinavyofanana sura. Kwenye (x² − 9)/(x² − 3x), anayefuta x² juu na chini anabaki na −9/(−3x), yaani 3/x. Amefuta kipande cha kujumlisha. Tafuta vigawo kwanza: juu (x − 3)(x + 3), chini x(x − 3). Sasa (x − 3) inazidisha pande zote mbili, inakatika kihalali, linabaki (x + 3)/x. Na hiyo x iliyobaki haikatiki tena, maana juu inajumlishwa na 3.

Kosa hilohilo hujificha kwenye maswali yenye kipeo cha herufi: (2ⁿ⁺³ − 2ⁿ⁺¹)/2ⁿ⁺². Kutoa vipeo vya juu ili kupata 2² ni haramu, kwa kuwa vipeo hutolewa pale tu namba zenyewe zinapogawanywa, na hapa zinatolewa. Toa 2ⁿ nje ya mabano: 2ⁿ(8 − 2)/(2ⁿ × 4). Inabaki 6/4, yaani 3/2, na n imetoweka.

Swali linaloumiza kuliko yote ni (x⁻¹ + y⁻¹)/(x⁻² − y⁻²). Mwanafunzi amefundishwa kwamba kipeo hasi kinahama upande, basi anahamisha vyote na kuandika (x² − y²)/(x + y). Kuhama huko kunaruhusiwa kwa kigawo cha upande mzima tu, na x⁻¹ hapa ni kijisehemu cha jumla. Dawa ni kuzidisha juu na chini kwa x²y², ambayo inaua vipeo hasi vyote kwa mpigo. Juu inakuwa xy² + x²y, yaani xy(y + x). Chini inakuwa y² − x², yaani (y − x)(y + x). Kata (y + x): xy/(y − x). Chini ni y − x, si x − y. Ukigeuza mpangilio, weka alama ya kutoa mbele. Ila (y − x)² na (x − y)² ni kitu kimoja, kwa kuwa kipeo shufwa kinameza alama hiyo.

Kuhakiki jibu huchukua nusu dakika: weka namba kwenye swali na kwenye jibu, ulinganishe. Kwa lile la juu, x = 1 na y = 2: swali ni 1.5/0.75 = 2, na jibu letu ni 2/1 = 2. Ile njia ya kuhamisha inatoa −1. Lakini usitegemee 1 kila mahali, maana 1 kwa kipeo chochote ni 1, hivyo a¹¹ na a⁷ zote zitaonekana sawa. Namba 2 nayo ina ujanja wake: 2² na 2 × 2 na 2 + 2 zote ni 4. Namba 3 haina hila hizo.

Isipokuwa kwenye (x² − 9)/(x² − 3x). Ukiweka 3 hapo unapata 0 juu na 0 chini, wakati jibu (x + 3)/x linatoa 2 bila wasiwasi. Swali lenyewe halina thamani pale, kwa hiyo kando ya jibu andika x ≠ 3. Hiyo x ≠ 0 bado inaonekana kwenye asili. Ya 3 uliikata kwa mkono wako.