Nyakalengija hadi Elena: posho iliiva, maharage yangegoma

Nyakalengija, mwanzo wa njia ya kupanda milima ya Rwenzori, Uganda, mita 1,646 juu ya usawa wa bahari. Kipimajoto ndani ya sufuria ya chai kimesimama nyuzi 94 na ushei. Maji yanatokota kwa fujo, wala hayapandi zaidi hata ukiongeza kuni. Hewa ya huku haiyakandamizi maji kama ya pwani, basi yanageuka mvuke mapema. Kila ukipanda mita 300, punguza nyuzi moja hivi.

Ndiyo maana maharage tuliyaloweka usiku kucha na kuyapika yakaiva hapahapa chini, kabla wapagazi hawajafunga mizigo. Kambi ya John Matte, karibu mita 3,500, maji huchemka kwenye nyuzi 88 au 89. Maharage makavu utayapikia huko mpaka mafuta ya taa yaishe, nayo bado yanagonga meno. Posho, yaani ugali, haina shida, unga wa mahindi hushika tangu nyuzi 70 na kitu. Wapagazi wetu Wakonzo walilijua hilo bila kipimajoto.

Njia ya bonde la Bujuku ni kinamasi: vaa gambuti, viatu vya ngozi viache mjini Kasese. Alfajiri matope yalikuwa yamevimba, juu yake zimesimama sindano za barafu zenye chembe za udongo kichwani. Maji hufyonzwa kutoka chini, yakifika juu yanaganda, na yanayofuata huyasukuma yaliyotangulia. Jua lilipopiga tu, zote zikalala na njia ikawa uji.

Kando ya njia kuna mimea mikubwa ya lobelia inayokinga maji katikati ya majani. Nilitia kidole: ganda jembamba la barafu, chini yake maji. Barafu ni nyepesi, huelea ikawa kama blanketi. Tena kila kilo ya maji inayoganda hutoa kilojuli 334 za joto. Chipukizi lililozama humo halipigwi na baridi kirahisi.

Kambi ya Elena, zaidi ya mita 4,500, shida ni chupa. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, kwa hiyo chupa iliyojaa pomoni hupasuka. Acha nafasi ya vidole vitatu, kaza kifuniko, isimamishe kichwa chini. Barafu itaanzia kitakoni, na asubuhi ukiigeuza mdomo uko wazi. Moja iliyoachwa wima ilikuwa na kizibo cha barafu, ikabidi iegemezwe kwenye sufuria ya chai. Na chai yenyewe, kwa nyuzi 85, ilitoka rangi tu.