Kwa Kipimo cha Mgonjwa

Somo: 1 Samweli 16:14–23

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Watumishi wa Sauli hawakuita kwaya. Walimtafuta mtu mmoja ajuaye kupiga kinubi, na Daudi alipiga pale mfalme alipotaabika, hadi akaburudika. Sisi tukienda Machame au Old Moshi kumwona mzee aliyerudishwa nyumbani kwa sababu matibabu ya kuponya yamefika mwisho, mara nyingi tunajaa chumbani jumuiya nzima, tunaimba sauti zote nne, ubeti baada ya ubeti, halafu sala ndefu. Mgonjwa akifumba macho tunasema amebarikiwa. Huenda amechoka.

Anzeni na maumivu. Mtu anayeumia sana husikia wimbo kama kelele. Morfini ya maji, dawa ya maumivu makali, huanza kutuliza kati ya nusu saa na saa moja baada ya kunywewa, kwa hiyo muulizeni anayemuuguza dozi imetolewa saa ngapi, ndipo mpange kuingia. Na asiwepo wa kumwambia mgonjwa kwamba dawa hiyo ni upungufu wa imani! Cicely Saunders, daktari aliyeanzisha hospisi ya St Christopher's, nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekaribia kufa ni ya mwili, ya moyo, ya mahusiano na ya roho kwa pamoja. Dawa na wimbo havigombani.

Waingie wawili au watatu. Ombeni ruhusa kwa mgonjwa mwenyewe hata kama haongei: "Shikamoo babu, tukuimbie?" Kisha ngojeni. Ketini karibu na kichwa chake, msimsimamie miguuni. Kwa dakika nzima tazameni kifua kinavyopanda na kushuka. Akihema haraka kwa wasiwasi, anzeni karibu na mwendo wake, mkipunguza kidogo kila ubeti. Ndivyo wafanyavyo wataalamu wa tiba ya muziki, kumkuta mtu alipo kabla ya kumwongoza kwenye utulivu. Siku za mwisho pumzi huweza kukimbia, kufifia, kusimama kwa sekunde kadhaa na kuanza tena. Hiyo msiifuate. Shikeni mwendo mmoja wa taratibu, sauti ya chini, hata midomo ikiwa imefungwa.

Wimbo gani? Waulizeni nyumbani: alioujifunza wakati wa kipaimara, ulioimbwa kwenye ndoa yake, au ule wa Kichagga aliousikia kwa mama yake. Nyimbo za mazishi ziacheni, maana ataona mmeshamzika. Ila akiuomba mwenyewe, uimbeni. Kumkatalia kwa kusema "usiongee hivyo, utapona" ni kumwacha peke yake na kifo anachokiona kinakuja.

Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Akikunja uso, akigeuza kichwa, akivuta mkono au pumzi ikipanda, nyamazeni hata katikati ya ubeti. Machozi ni jambo jingine: tulieni, mshikeni mkono, muulizeni kama mwendelee. Pengine wimbo umegusa jambo analotaka kulisema, toba au jina la mtoto ambaye hawajapatana. Hapo kuimba kunaisha na kusikiliza kunaanza. Akitaka mchungaji na Meza ya Bwana, aitwe siku hiyohiyo.

Asiyeitikia tena msimhesabu kuwa hayupo. Mwaka 2020 watafiti wa Kanada walieleza kwamba ubongo wa baadhi ya wagonjwa wa hospisi waliokwisha kupoteza fahamu bado uliitikia sauti. Basi mwiteni kwa jina, mwambieni ni nani amekuja, na mazungumzo ya jeneza na ya kugawa kihamba, shamba la ukoo, yafanyikie nje kabisa.

Wiki hii kila jumuiya imtembelee mzee mmoja ambaye bado ana nguvu za kuongea. Mwulizeni nyimbo tatu azipendazo, za lugha gani, na ipi asiyotaka kuisikia. Andikeni kwenye daftari la jumuiya, na nakala abaki nayo anayemuuguza.